Doa Ndilo Shahidi

Broka wa Arusha anapofungua karatasi yake ya mawe, sifa ya kwanza anayoitaja ni usafi. Jiwe ni safi, halina ufa, halina wingu, limulike uone. Mnunuzi naye huanzia hapo hapo: akikuta kitu ndani anaguna na kushusha bei. Mzee aliyenifundisha kazi ya kupima vito alikuwa na desturi nyingine. Yakuti samawi iliyo safi mno, safaya ambayo mwanga wa tochi unaipenya pote bila kukwama popote, aliiweka pembeni mwa meza na kuirudia mwisho, baada ya kumaliza mengine yote. "Hili bado halijasema kitu, mwanangu," alikuwa akiniambia. "Na jiwe lisilosema kitu, mimi na wewe hatuwezi kulitolea ushahidi."

Nimeifanya kazi hii miaka mingi sasa, na kauli ile imekuwa msingi wa kila karatasi ninayotia sahihi. Vitu ambavyo sokoni tunaviita uchafu, yaani sindano, chembe, mawingu, nyufa zilizojiponya na vishimo vyenye umajimaji ulionaswa, ndivyo kumbukumbu ambayo jiwe limebeba kuhusu mahali lilipozaliwa na mambo ambayo binadamu amelitendea. Ninaandika kwa sababu kumbukumbu hiyo inapotea mikononi mwetu kila siku. Inakatwa na kusagwa ili jiwe lionekane safi, au inauzwa kwa bei ya takataka na watu wasiojua walichoshika.

Tukiliangalia kwa kemia peke yake, safaya ni kitu kile kile duniani kote: alumini na oksijeni vilivyoshikamana kwa mpangilio mmoja. Iwe imetoka kwenye changarawe za Mto Umba karibu na mpaka wa Kenya, Ratnapura kule Sri Lanka, au kwenye tanuru ya kiwanda, kipimo cha namna inavyopinda mwanga kitasoma kati ya 1.76 na 1.77. Ugumu wake ni ule ule, na uzito wake ukilinganisha na maji ni ule ule. Vipimo hivi vitakwambia kwamba umeshika safaya, kisha vitanyamaza. Ukitaka kujua zaidi lazima uingie ndani, kwa lenzi ya mara kumi kwanza, kisha kwa hadubini yenye mwanga unaotoka pembeni, ili chembe zing'ae kwenye giza.

Kitu cha kwanza nilichofundishwa kukitafuta ni hariri. Wapimaji wa vito huita hivyo vile visindano vyembamba sana vya rutili, madini ya titani, vinavyopishana ndani ya jiwe katika pande tatu kwa pembe za nyuzi 60. Safaya inapozaliwa kwenye joto kali chini ya milima, titani huwa imetawanyika ndani yake bila kuonekana. Ni kama sukari kwenye chai ya moto: joto likiwepo yote inayeyuka, joto likishuka ile iliyozidi inarudi kuwa chembe. Jiwe linapopoa polepole kwa muda mrefu mno, titani hujikusanya na kuwa visindano. Ukiona hariri ndefu, isiyokatika, yenye kung'aa rangi za upinde wa mvua chini ya taa ya pembeni, unatazama kazi ya ubaridi wa polepole ambao hakuna fundi anayeweza kuuharakisha.

Nakumbuka kijana mmoja aliyesafiri kwa basi kutoka Tunduru na jiwe ghafi la buluu alilolifunga kwenye karatasi ya daftari. Aliponiamkia na kukaa, uso wake ulikuwa umeshakata tamaa. Wanunuzi aliowapitia walimwambia jiwe lina wingu, na bei waliyompa ingemlipia nauli na chakula tu. Nililiosha, nikaliweka kwenye hadubini, nikamwita aje atazame mwenyewe. Wingu lile lilikuwa hariri, nzima kabisa, sindano kwa sindano.

"Kwa hiyo mama, uchafu huu ni mali?" aliniuliza.

"Uchafu huu ni ushahidi, mwanangu. Unaonyesha kwamba jiwe lako halijapita kwenye moto mkali. Bei mtaelewana na mnunuzi, ila kuanzia leo unajua unachouza."

Umuhimu wa neno lile, halijapita kwenye moto, unaeleweka ukijua historia ya biashara hii. Katika miaka ya 1970 wachomaji wa Thailand waligundua kwamba mawe meupe yenye ukungu kutoka Sri Lanka, yaliyokuwa yakidharauliwa, yakichomwa kwenye joto linalozidi nyuzi 1,500 za selsiasi yanageuka kuwa buluu ya kupendeza. Siri ilikuwa ile ile hariri. Moto unayeyusha visindano, titani inarudi ndani ya jiwe, inakutana na chuma, na wawili hao kwa pamoja ndio wanaotengeneza rangi ya buluu. Tangu wakati huo sehemu kubwa ya safaya inayouzwa duniani imechomwa. Hakuna aibu katika hilo iwapo muuzaji anasema. Sisi Watanzania tunapaswa kulielewa kwa urahisi, maana tanzanaiti nyingi inayopendwa kwa buluu yake ilitoka ardhini ikiwa na rangi ya kahawia, ikachomwa. Tofauti ni kwamba safaya nzuri ambayo haijachomwa ni adimu, na wanunuzi wanailipia uadimu huo. Kwa hiyo swali la moto ni swali la fedha na la uaminifu kwa wakati mmoja.

Moto una tabia ya kuacha nyayo. Sindano zilizokuwa ndefu zinakatika na kubaki safu za nukta ndogo, na mara nyingine kila nukta inazungukwa na wingu dogo la buluu, pale titani ilipoyeyuka ikashindwa kusafiri mbali. Chembe za madini mengine zilizonaswa ndani zinavimba au kuyeyuka, na kila moja inapasua jiwe kuizunguka, ikijifanyia duara la ufa bapa linalong'aa kama kioo. Zirkoni, ambayo kwenye jiwe lisiloguswa huwa angavu yenye kingo zake, ikipata moto mkali hubadilika kuwa nyeupe isiyopitisha mwanga. Mzee wangu alinitaka nizitafute nyayo hizi zote kabla ya kufungua mdomo. Alama moja ni tuhuma, alisema, alama tatu zinazokubaliana ndiyo kesi.

Ipo pia alama inayofanya kazi kwa upande wa utetezi, na hiyo ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Baadhi ya safaya, hasa za Sri Lanka, zina vishimo vidogo vyenye umbo la fuwele, na ndani yake mmenaswa kaboni dioksidi ya kimiminika pamoja na kiputo cha gesi. Ukilipasha jiwe joto kidogo kupita nyuzi 31, joto ambalo kiganja cha mkono kinaweza kulitoa, kiputo kinatoweka. Likipoa, kinarudi. Gesi hiyo ilifungiwa humo kwa mgandamizo mkubwa wakati jiwe linakua, mamia ya mamilioni ya miaka iliyopita. Kishimo kama hicho kikitiwa kwenye tanuru la wachomaji kinapasuka. Kwa hiyo kiputo kinachokwenda na kurudi ni kiapo kwamba jiwe halijaonja moto mkubwa. Mara ya kwanza nilipokiona, niliita ofisi nzima ije itazame.

Lakini uaminifu unanidai niseme pia mipaka ya ushahidi. Wapo wachomaji wanaotumia joto la chini, pungufu ya nyuzi 1,200 hivi, ambalo linaondoa kivuli cha zambarau au kung'arisha rangi huku likiiacha hariri ilivyo. Hapo hadubini haitoshi, na hata mashine ya kupima mionzi ya infraredi mara nyingine haitoi jibu. Mpimaji anayeheshimu kazi yake huandika kile alichokiona na kuishia hapo. Wateja wamewahi kunishinikiza, hata wakaongea na bosi wangu, ili neno "huenda" litoke kwenye karatasi. Neno lile lilibaki.

Somo kubwa zaidi kuhusu mipaka hiyo lilitoka kusini mwa nchi yetu. Miaka ya 1990 Songea na Tunduru zilijaa wachimbaji, pamoja na wanunuzi wa Thailand na Sri Lanka. Mawe mengi ya Songea yalikuwa na rangi nzito zisizovutia, na yalinunuliwa kwa bei ndogo. Kisha, kati ya mwaka 2001 na 2002, soko la dunia likafurika safaya za rangi ya chungwa na za waridi lenye uchungwa, aina iliyokuwa adimu mno. Zilitoka kwa wachomaji wa Chanthaburi, Thailand, na mawe waliyotumia yalitoka Songea na Madagaska. Januari 2002 chama cha wafanyabiashara wa vito vya rangi cha Marekani kilitoa tahadhari kwamba mawe yale yametiwa kitu. Kitu chenyewe kilikuwa berili, elementi nyepesi sana, iliyoingia ndani ya safaya kutoka kwenye madini ya krisoberili yaliyowekwa nayo kwenye chungu kimoja, kwenye joto linalokaribia nyuzi 1,800.

Wapimaji tuliyachunguza mawe hayo kwa namna tuliyoijua. Ukilizamisha jiwe kwenye kimiminika kinachopinda mwanga karibu sawa na lenyewe, kingo zake zinapotea machoni na rangi ya ndani inajitokeza peke yake. Kwenye mengi ya mawe yale, utepe wa chungwa ulifuata umbo la jiwe lilivyokatwa. Asili haiwezi kufanya hivyo, kwa sababu asili haikujua fundi atakata wapi. Zirkoni zilizoyeyuka nazo zilionyesha ukali wa moto. Lakini berili ilipoachwa iingie hadi katikati, utepe ulitoweka, na jibu likabaki kwa mashine zinazofyonza chembe ya jiwe kwa leza na kupima elementi zilizomo, sehemu moja moja katika milioni. Mashine hizo zilikuwa Marekani na Uswisi. Jiwe lililochimbwa kwa jembe na ungo Songea lilipata thamani yake huko Thailand, na ukweli wake ukapatikana mbali zaidi. Nililitafakari jambo hilo kwa muda mrefu, na bado linaniuma.

Mbali na moto upo uigaji kamili. Mfaransa Auguste Verneuil alitangaza mwaka 1902 njia ya kutengeneza rubi kwa kudondosha unga wa oksidi ya alumini kwenye ndimi za moto, na baada ya miaka michache safaya ikafuata. Mpaka leo ndiyo bandia ya bei rahisi kuliko zote, na vipande vyake vilivyosagwa kingo ili vifanane na mawe ya mtoni huchanganywa na mawe halisi katika mafurushi yanayouzwa hata machimboni. Ndani yake hamna hariri wala zirkoni. Kuna viputo vya hewa, na kuna mistari ya ukuaji iliyopinda kama upinde, kwa kuwa jiwe lilikua kwa tabaka juu ya kichwa cha mviringo. Safaya ya ardhini hukua kwa nyuso zilizonyooka, na mistari yake ya rangi hukutana kwa pembe.

Mama mmoja wa Tanga aliwahi kuniletea pete ya marehemu mumewe. Jiwe lilikuwa buluu tupu, safi kabisa. Niliigeuza pete chini ya mwanga hadi mistari ilipojitokeza, na ilikuwa imepinda. Kumwambia mjane jambo hilo ni kazi ambayo hakuna kitabu kinachoifundisha. Nilimweleza nilichokiona, nikamchorea mistari kwenye karatasi, nikamwambia jiwe limetengenezwa kiwandani. Alinyamaza, kisha akauliza, "Ina maana mwenzangu alinidanganya?"

Nilimjibu kwa uhakika wote niliokuwa nao kwamba jiwe halina habari hiyo. Vitu vilivyo ndani ya safaya vinaeleza yaliyolipata jiwe. Havielezi nani alijua. Kati ya aliyelitengeneza na aliyemvisha pete walipita watu wengi, na aliye wa mwisho katika mnyororo mara nyingi ndiye anayejua kidogo kuliko wote. Tangu siku hiyo nimeifanya kuwa kanuni, na ninawafundisha vijana hivyo: sema ulichokiona ndani ya jiwe, usiseme usichokiona ndani ya mtu.

Kanuni ya mstari uliopinda nayo ilikuja kupata mtihani wake. Mwaka 2008 watu walimiminika Winza, wilayani Mpwapwa, Dodoma, kufuata rubi na safaya zilizokuwa zimeanza kupatikana huko. Rubi nyingine zilikuwa nzuri kiasi kwamba hazikuhitaji kuchomwa. Tulipozitazama ndani, tulikuta vitu kama nywele ndefu nyembamba, zilizojipinda na kujikunja. Mtu aliyekariri kwamba kilichopinda ni cha kiwandani angeliita jiwe la Winza bandia. Ilibidi kutofautisha kwa makini. Mistari ya Verneuil ni tabaka za ukuaji, zinazokwenda sambamba kutoka upande mmoja wa jiwe hadi mwingine. Nywele za Winza ni mirija halisi, kila mmoja na njia yake. Tena ni mirija ambayo haionekani kwa namna hiyo kwenye machimbo mengine, kwa hiyo imekuwa sahihi ya mahali pale. Kitu kilichoweza kulihukumu jiwe ndicho kilicholipa kwao.

Mahali pengine pana sahihi zilizo wazi kiasi hicho, japo si pengi. Safaya za Kashmir, zilizopatikana miaka ya 1880 kwenye maporomoko ya Himalaya, zina vumbi laini kuliko hariri yoyote, linalotawanya mwanga na kuipa buluu yake ulaini wa mahameli. Safaya za Australia, Nigeria na zile zilizoibuka karibu na Aksum, Ethiopia, zililetwa juu na volkano. Zina chuma nyingi, nyingi zina giza, na alama zake zinazitenga haraka na za kwetu. Ugumu unaanza unapoulizwa: hili ni la Tunduru, la Madagaska, au la Sri Lanka? Takriban miaka milioni 550 iliyopita nchi hizi tatu zilikuwa zimeungana katika bara la Gondwana, na milima iliyosukumwa juu na mgongano wa wakati huo ndiyo iliyoyapika mawe yetu na yao. Hariri zinafanana. Zirkoni zinafanana. Nyufa zilizojiponya, zile tunazoziita alama za vidole, zinafanana. Bahari ilikuja kuyatenga baadaye sana. Ndiyo maana maabara inayoheshimika huunganisha kilichoonekana kwenye hadubini na vipimo vya chuma, titani, gali, magnesi na vanadi, kisha inasema maoni yake kwa tahadhari. Na ndiyo maana imekuwa rahisi kwa mawe ya Tunduru kuzunguka sokoni kwa jina la Sri Lanka, jina linalouza zaidi.

Hapa ndipo kumbukumbu zangu zote zinaponifikisha. Mswisi Eduard Gübelin alitumia sehemu kubwa ya maisha yake akitazama na kupiga picha vitu vilivyo ndani ya vito, na atlasi aliyoitoa mwaka 1986 pamoja na John Koivula imekaa kwenye meza za wapimaji wa dunia nzima. Macho yake yalikuwa makali, lakini macho peke yake yasingefika popote. Elimu ile ilijengwa kwa mawe ambayo machimbo yake yalijulikana. Ukiwa na mawe mia kutoka shimo moja, yaliyochukuliwa hapo hapo na kuandikwa, unaweza kusema hariri ya shimo hilo inafananaje. Bila hayo unabaki kukisia. Maabara kubwa za Uswisi na Bangkok zilituma watu hadi kwenye machimbo yetu kukusanya mawe ya namna hiyo, na nawashukuru. Lakini mtu akitaka leo kulinganisha safaya ya Umba na nyingine ya Umba, itampasa kufungua droo iliyoko ng'ambo.

Tangu mwaka 2019 tuna masoko ya madini mikoani, mahali ambapo mchimbaji mdogo anakutana na mnunuzi mbele ya serikali. Arusha kuna kituo kinachowafundisha vijana wetu ukataji na utambuzi wa vito. Hatua hizo ni njema, na zinangoja nyingine iliyo rahisi kuliko zote. Kila soko liwe na hadubini na mtu aliyefundishwa kuitumia, ili kijana wa Tunduru asilazimike kupanda basi hadi Arusha kuambiwa kwamba wingu la jiwe lake ni hariri. Na kila soko liwe na sanduku la mawe ya mfano, vipande vidogo visivyo na bei, vilivyoandikwa jina la kijiji, la mto, la shimo na tarehe.

Mimi nimeanza na sanduku langu. Wachimbaji wanaonijua huniletea vijipande ambavyo wangevitupa, na kila kimoja kinaingia kwenye bahasha yenye maelezo yake. Nawaomba wenzangu wachimbaji na mabroka wafanye hivyo pia: kabla jiwe halijaoshwa na kuchanganywa na mengine, andika lilipotoka. Jiwe litaeleza lenyewe habari za joto, za mgandamizo na za moto wa tanuru. Jina la kijiji chako haliwezi kulisema. Hilo lazima uliandike wewe.